Santuri ya soul iliyotumika: kosa ni la sahani au la mashine?

Mnunuzi amepokea albamu ya soul iliyotumika, ameiweka kwenye mashine, na kabla wimbo wa pili haujaisha ameshamwandikia muuzaji kwamba sahani ni mbovu. Muuzaji anashangaa, maana kwake ilipiga vizuri wiki iliyopita. Nimewahi kukaa pande zote mbili za ugomvi huu, na nimejifunza kwamba mara nyingi hakuna anayesema uongo. Sauti ya santuri huzaliwa pale sindano inapokutana na mfereji, na kosa linaweza kuwa la yeyote kati ya hao wawili. Kabla ya kurudisha, kabla ya kushusha bei, kabla hata ya kuandika tangazo, jua kwanza kosa ni la nani.

Tenga santuri moja unayoijua kwa masikio yako, iliyo safi na isiyo na mikwaruzo. Ukisikia tatizo kwenye albamu mpya, iondoe, weka ile unayoijua, kisha sikiliza sehemu ileile ya upande: mwanzo kwa mwanzo, mwisho kwa mwisho. Tatizo likibaki, ni la mashine. Likiondoka, limeondoka na sahani. Wengi hulinganisha wimbo wa mwisho wa albamu hii na wimbo wa kwanza wa nyingine, halafu wanatoa hukumu. Hukumu hiyo haina thamani, na sababu yake utaiona huko mbele.

Halafu itazame sindano yenyewe kwa kioo cha kukuza. Kifundo cha vumbi kisichozidi ukubwa wa chembe ya unga kinatosha kuifanya albamu safi isikike kama inakaangwa. Isafishe kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, usiende kinyume wala kando. Almasi ya ncha yake nayo huisha. Watengenezaji wengi hutaja muda wa kati ya saa 500 na 1000 za kupiga, na sindano iliyopita hapo haiishii kusikika vibaya, inakata kila sahani unayoiwekea. Kama hujui sindano yako ina umri gani, usiijaribie albamu ya mtu mwingine.

Inapiga "tik" kwa mpangilio

Shika saa. LP, yaani santuri kubwa ya albamu, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. "Tik" inayorudi kila baada ya sekunde 1.8 iko mahali pamoja kwenye sahani, na mara nyingi ni mkwaruzo unaokatiza mifereji. "Tik" zinazokuja ovyo ni habari nyingine, ziko kwenye sehemu inayofuata.

Kwenye soul nasisitiza saa kwa sababu masikio peke yake hudanganyika. Wimbo wa polepole wenye mapigo kama 67 kwa dakika unalingana na mzunguko wa sahani: mapigo mawili, mzunguko mmoja. "Tik" ikiangukia juu ya ngoma, utadhani ni mpiga ngoma anagonga ukingo wa ngoma yake, na utaiuza albamu hiyo kama safi bila kujua. Wimbo unaofuata wenye kasi tofauti ndio utakaokuumbua.

Unaweza pia kukadiria ukubwa wa jeraha. Upande wa dakika 20 una mizunguko kama 667, iliyobanwa ndani ya sentimita 8 na kitu. Milimita moja ya mkwaruzo uliokatiza mifereji inabeba "tik" 8 hivi, yaani sekunde 14 za usumbufu. Sentimita moja ni zaidi ya dakika mbili. Mnunuzi akiniambia "kuna mkwaruzo mdogo wa sentimita tatu", naelewa kwamba wimbo mzima umekwenda, na pengine na wa pili yake.

Kuutafuta, shika sahani chini ya taa moja kali, uiinamishe mpaka mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mistari myembamba kama nywele, inayoonekana kwa pembe moja na kupotea kwa nyingine, kwa kawaida haisikiki. Imetokana na sahani kuingia na kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Mkwaruzo ambao ukucha unaukwaa ndio unaosikika. Huo haurekebishiki. Hakuna dawa ya kujaza mfereji uliokatwa, na mtu anayekuuzia nta au mafuta ya kufuta mikwaruzo atakuongezea uchafu wa kusafisha.

Ila kabla hujakata tamaa, hakikisha ni mkwaruzo kweli. Nilikuwa na nakala ya albamu ya Al Green iliyopiga "tik" mara sita au saba kwenye wimbo wa kwanza, kila sekunde 1.8 bila kukosea. Nikaitafuta alama chini ya taa, sikuona mstari wowote. Nikasimamisha sahani pale pale "tik" ilipokuwa ikilia, nikaweka kioo cha kukuza: palikuwa na nukta moja, ya rangi ya chai, imeketi juu ya mifereji. Ilikuwa gundi iliyokauka, pengine ya kibandiko cha bei. Nikaweka tone la maji yaliyotoneshwa juu yake, nikasubiri dakika kadhaa, nikaisukuma kwa kijiti cha mbao cha kuchokolea meno nikifuata mwelekeo wa mfereji, taratibu sana, bila kukandamiza. Ilitoka nzima kama gamba. Nilipoirudisha sindano, palikuwa kimya. Kinundu na mkato hutoa mlio uleule, ila kinundu kinaondoka.

Mchakacho wa mfululizo, kama mafuta yanayochemka

Hapa visababishi ni vinne: vumbi, umeme tuli, uchakavu na mfuko mbaya. Anza na vumbi kwa sababu ndilo rahisi.

Osha kwa maji yaliyotoneshwa, ukiongeza tone moja la sabuni ya maji isiyo na harufu wala krimu, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kufuata mzunguko wa mifereji. Kinga lebo isilowe. Suuza kwa maji mengine yaliyotoneshwa, maana sabuni iliyobaki hukauka ndani ya mfereji na kuwa uchafu mpya, kisha acha ikauke kabisa ikiwa wima. Usitumie maji ya bomba. Madini yake hubaki. Sahani iliyokaa miaka mingi bila kuoshwa inaweza kuchakacha zaidi mara ya kwanza baada ya kuoshwa, kwa sababu uchafu umelainika lakini haujatoka. Irudie kabla hujasema imeshindikana.

Mchakacho ukiwa mdogo sahani inapotoka tu kuoshwa, halafu ukaongezeka unapoitoa mfukoni siku za hewa kavu, na vumbi likawa linairukia kama sumaku, huo ni umeme tuli. Brashi ya nyuzi za kaboni na mfuko wa ndani wa plastiki laini unaofaa santuri vitausaidia.

Utando wa ukungu mweupe usiotoka kwa kuosha, mara nyingine wenye umbo la mikunjo ya mfuko, unatokana na mifuko ya plastiki ya PVC. Vilainishi vya plastiki ile huhama na kuingia kwenye uso wa santuri, na sauti inayotoka ni mvumo wa "shhh" usiokatika. Sijawahi kuona ukitoka. Ukiwa unauza, utaje waziwazi. Ukiwa unanunua, tupa mfuko ule siku hiyohiyo ili usihamie kwenye nyingine.

Uchakavu una mlio wake, nao unastahili sehemu yake.

Sauti inachanika mwimbaji anapopandisha

Hili ndilo tatizo kubwa la albamu za soul zilizotumika, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Sahani inang'aa, haina mkwaruzo, muuzaji ameipa daraja la VG+ (nzuri sana) au hata NM (karibu mpya) kwa kuitazama tu. Unaiweka, muziki unaanza vizuri, besi imetulia, halafu mwimbaji anapanda, tarumbeta zinaingia, na sauti inapasuka kama spika imetobolewa. Zinaposhuka, usafi unarudi.

Muziki huu ulipigwa kwenye sherehe. Ulipigwa usiku kucha kwenye mashine zilizobeba santuri kadhaa kwa mpigo na kuziangushia moja juu ya nyingine, zenye katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) nzito zilizokandamiza kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nyingi za sasa hufanya kazi kwenye gramu 1.5 hadi 2. Mfereji wa sauti kubwa una kona kali. Sindano nzito, tena iliyoisha, haiwezi kuzifuata kona hizo, inazikata. Kwa hiyo uharibifu hukaa pale pale palipopendwa zaidi: kwenye mayowe, kwenye kiitikio, kwenye wimbo uliopigwa mara mia. Nyimbo zisizojulikana upande wa pili zinaweza kuwa safi kabisa. Hiyo ni dalili ya wazi: wimbo maarufu ukichanika na jirani zake wakiwa salama, mfereji umechakaa.

Hata hivyo mpasuko huohuo una visababishi vingine vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake.

Cha kwanza ni sindano chafu, iliyoisha au iliyowekwa vibaya. Ile santuri yako unayoijua itakuambia. Pima pia uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kazi hiyo na ufuate kipimo cha mtengenezaji wa katriji. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia sahani. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuugonga kuta, na inaharibu kuliko iliyokaa imara kwenye kipimo chake.

Cha pili ni mahali kwenye sahani. Mzunguko ni sekunde 1.8 popote, lakini mduara wa nje ni mkubwa na wa ndani ni mdogo. Mwanzoni mwa upande mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde; karibu na lebo, kama 21 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, kona zinakaribiana, na sindano ya kawaida inahangaika. Ndiyo maana nilisema ulinganishe mwisho kwa mwisho. Chukua albamu ya Isaac Hayes ya 1969, Hot Buttered Soul: nyimbo nne tu, na upande wa pili unafungwa na wimbo unaozidi dakika 18. Unaanza kwa maongezi ya chini juu ya kinanda, dakika nyingi, ambapo kila chembe ya vumbi inasikika; kisha unapanda polepole mpaka okestra nzima inaingia, na kilele hicho kinaangukia kwenye mifereji ya ndani kabisa. Nakala nzuri kwenye mashine iliyopangwa ovyo itapasuka pale. Katriji ikikaa sawasawa kwa kile kipimo cha karatasi cha kuipangia, mpasuko mwingi wa namna hiyo hupungua. Ule wa uchakavu haupungui.

Cha tatu ni tepu yenyewe. Studio za soul mara nyingi zilikuwa majengo ya kawaida: Motown ilirekodi ndani ya nyumba kwenye West Grand Boulevard mjini Detroit, Stax ndani ya sinema ya zamani mjini Memphis. Walitafuta moto wa wimbo, na mara nyingine mwimbaji alikizidi kipaza sauti. Mpasuko ule uko kwenye rekodi mama na uko kwenye kila nakala duniani. Ili kuutambua, tafuta toleo la kidijitali la wimbo uleule na usikilize silabi ileile. Ikipasuka na huko, sahani yako haina kosa, na mimi singependa ufutwe.

Baada ya vipimo hivyo vitatu, kama mpasuko bado upo, upo mwanzo wa upande kama mwisho, na upo zaidi kwenye chaneli moja, basi mfereji umeliwa. Kuosha hakutarudisha kitu. Kama ni nakala ya mono (sauti ileile kwenye chaneli zote mbili), kuna nafuu moja: bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, kama kipo. Sehemu ya kelele inayotokana na sindano kupanda na kushuka itafutika, na nimeona nakala za mono zilizokuwa za kutupwa zikisikilizika tena.

Inaruka au inarudia palepale

Ikiruka mbele au ikinasa na kurudia maneno, safisha kwanza mahali pale kama nilivyofanya na ile gundi. Kisha angalia kama mashine imelala sawa, uzito wa sindano, na ile nguvu ya kuzuia mkono wa sindano kuvutwa ndani. Ikizidi, mkono unasukumwa nje na kurudia mfereji. Sahani inayonasa kwenye mashine nyepesi ya bei rahisi huenda isinase kwenye nyingine. Kwa hiyo mwambie mnunuzi uliijaribu kwenye mashine ya aina gani.

Noti ndefu zinayumba

Sikiliza ogani au nyuzi zinazoshikilia noti moja. Zikipanda na kushuka kila sekunde 1.8, tundu la katikati halikukaa katikati. Tazama mkono wa sindano kutoka mbele: utauona ukienda kushoto na kulia kwa mdundo huo. Hilo ni kosa la kiwandani, limekuwapo tangu siku ya kwanza, na muuzaji hakulifanya, ingawa anapaswa kulitaja. Mkono ukipanda na kushuka, sahani imepinda. Kupinda kidogo ambako sindano inakumudu hakuharibu sauti. Usijaribu kuinyoosha kwa jua au oveni, maana vinaili hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na mifereji itaharibika kabla sahani haijanyooka.

Kuyumba kusikofuata sekunde 1.8 ni mkanda wa mashine au mota. Kama wimbo wote uko juu au chini ya sauti yake, bandika kipande cha karatasi ukingoni na uhesabu: mizunguko 100 inapaswa kuchukua dakika 3 kamili.

Mvumo, sauti nyembamba, chaneli moja

Haya ni ya mashine, usimsumbue muuzaji. Mvumo mzito usiokoma: waya wa ardhi haujafungwa kwenye amplifaya. Sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi: umechomeka kwenye tundu lisilo la santuri, hakuna kikuza sauti cha awali. Chaneli moja imekufa: badilishana waya za kushoto na kulia, ukimya ukihama spika, kosa liko upande wa katriji au waya zake.

Tangazo linasema toleo la kwanza, sahani inasema vingine

Toa sahani usome lebo na namba zilizochongwa kwenye eneo tupu karibu nayo. Linganisha na jalada. Sahani zilizohama majalada ni nyingi, hasa kwenye makusanyo yaliyopitia sherehe.

Jalada lenye msimbo pau kwa albamu ya miaka ya 1960 au mwanzo wa 1970 ni toleo la baadaye. Kwa sahani za Marekani, herufi P ndani ya duara ilianza kuwa kawaida mwaka 1972, sheria ya huko ilipoanza kulinda rekodi za sauti, hivyo ikionekana kwenye lebo ya albamu ya 1967 jiulize. Kampuni ya rekodi ya Atlantic inasaidia kwa anwani yake: lebo yenye 75 Rockefeller Plaza ni ya katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea, kwa hiyo albamu ya Aretha Franklin ya 1967, I Never Loved a Man the Way I Love You, yenye anwani hiyo ni uchapishaji wa baadaye, hata kama jalada ni lilelile. Namba yake ni 8139 kwa mono, na SD 8139 kwa stirio.

Kwa upande wa Stax, ilipoachana na Atlantic mwaka 1968 rekodi zilizotangulia zilibaki mikononi mwa Atlantic. Ndiyo maana kazi za Otis Redding zilizotoka kwanza Volt, tanzu ya Stax, unaweza kuzikuta kwenye lebo ya Atco, tanzu ya Atlantic. Hizo si bandia. Ni za baadaye tu, na nyingine zinasikika vizuri sana.

Kona ya jalada iliyokatwa, au tundu lililotobolewa, inaonyesha zilikuwa nakala zilizobaki bila kuuzwa zikatolewa kwa bei ya chini. Sauti haiathiriki, na mara nyingi sahani ya ndani haijaguswa kabisa. Mimi nazipenda hizo.

Ilitoka nzima, ikafika na jalada limepasuka

Mshono wa juu au wa chini uliofunguka kwa urefu wa vidole viwili au vitatu umekatwa na sahani yenyewe. Ilisafiri ndani ya jalada, kifurushi kikaangushwa kwa ukingo, na ile plastiki ngumu ikapasua karatasi kutoka ndani. Sanduku linaweza kufika bila hata kubonyea. Muuzaji, toa sahani pamoja na mfuko wake wa ndani, iweke nyuma ya jalada, vyote viwili viingie kwenye mfuko wa nje, kisha kadibodi ngumu mbele na nyuma, pana kuliko jalada kila upande. Mwandikie mnunuzi kwamba sahani iko nje ya jalada, ili asishike jalada tupu akadhani ameibiwa.